Wifi Kapewa Ufunguo wa Dari

Ijumaa, 31 Machi

Nimefika Montorlano. Basi limechelewa, mvua inanyesha, kilima ni kile kile ila magoti yangu si yale. Nimekokota sanduku hadi mlangoni, nikagonga — na aliyenifungulia ni yeye. Morena. Kavaa aproni ya Mama! Ile ya bluu!

"Karibu, wifi! Karibu nyumbani!"

Nikaribishwe nyumbani kwetu na mtu wa Rimini. Haya. Asante. Nimekaribia.

Chumba changu hakipo. Yaani kipo, ila kimekuwa cha wageni. Kitanda kipya, mapazia mapya, taulo zimekunjwa zikawa bata. Mtu na mkewe kutoka Denmaki wamelala pale nilipougulia surua. Mimi nimepewa kitanda cha kukunja kwenye chumba cha cherehani. Duccio, mdogo wangu, ananiambia taratibu kama anamwambia mgonjwa: "Dada, ni wiki hii tu, wale waliagiza mapema." Nikamwambia sawa. Si sawa.

Mama kanibusu, kanishika mashavu, kaniangalia. Kachakaa, maskini. Ngazi za darini hazipandi tena, mwaka wa pili huu. Nikasubiri aniulize habari za Arezzo, za dukani, za kuishi peke yangu. Akaniuliza: "Umeonja supu ya Morena?"

Nimeonja. Ni tamu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 2 Aprili — Matawi

Kanisani na matawi ya mizeituni. Mama kashika mkono wa Morena njia nzima, mimi nyuma nimebeba mikoba miwili, wa kwangu na wa Mama. Bi Iolanda, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, kasimama kwenye ngazi za kanisa akapaza sauti: "Zelinda! Kumbe Mungu kakupa binti uzeeni!"

Mama akajibu: "Mungu hakawii, Iolanda."

Na mimi nimesimama pale pale! Mimi niliyetoka tumbo hilo hilo! Bi Iolanda akaniona, akashtuka kidogo. "Aa, Ombretta! Umekuja kutembea? Unakaa siku ngapi?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa langu leo leo — vyombo vyote vya mchana nimeosha mimi. Morena alitaka kuosha, nikamnyang'anya sifongo. Mama kasema, "Mwache Morena apumzike, tangu alfajiri yuko wima." Basi nikaosha kwa hasira, sahani moja ikapasuka. Ilikuwa ya kwake. Haikuwa makusudi, nadhani.

Niseme lililonileta, nisijidanganye. Wiki hii lile pipa dogo la divai, la darini, linafunguliwa. Halijafunguliwa tangu mwaka aliofariki Baba. Mama hapandi tena, kwa hiyo ufunguo wa dari lazima autoe. Kwetu ufunguo ule wanashika wanawake: bibi mzaa bibi, kisha bibi, kisha Mama. Mabinti wa nyumba. Na binti wa nyumba ni mmoja tu, ndiye anayeandika.

Basi. Nisijipe moyo sana.

Jumatatu, 3 Aprili

Leo nimesikia kwa masikio yangu. Nilishuka ghalani kutafuta kizibuo, kumbe Morena yuko huko na watalii sita, wamesimama na glasi zao mkononi wanatikisa vichwa. Anawahadithia. Mikono inapaa, sauti inashuka, inapanda. Wakati wa vita, anasema, askari walipofika mjini, bibi yetu alibeba divai yake kwenye kopo la maziwa, akateremka nayo mteremko mzima hadi mtoni, akaificha chini ya mizizi.

Bibi YETU!

Halafu hadithi yenyewe kakosea. Bibi hakubeba divai. Nani akimbie na divai? Divai aliwaachia askari wakanywa wakalewa. Alichobeba ni mashapo. Yale mazito kama uji yanayokaa chini ya pipa, aliyorithi kwa mama yake na yeye kwa mama yake. Divai hutoka, mashapo hubaki, maji mapya ya zabibu humwagwa juu yake, pipa linapigwa lakiri, unasubiri miaka. Bila mashapo hayo hakuna vinsanto, divai tamu ya kwetu. Ni zabibu tu kama za watu wengine.

Hajui. Anaishi humu mwaka wa nne na hajui! Duccio hakumwambia, maana anadhani Mama alimwambia. Mama hakumwambia, maana nani humweleza mtu kwamba maji ya baraka hayaogewi? Aliyezaliwa hapa anayajua kabla ya kujua kutembea.

Nilitaka kumsahihisha mbele ya watalii wake. Nikanyamaza. Siku atakapokutana na mwenye kujua, ataumbuka mwenyewe.

Wamempigia makofi.

Jumanne, 4 Aprili

Tambi za mkono. Za Morena ndefu, nyembamba, sawasawa. Za kwangu zinakatika. Mama kacheka hadi machozi — si mimi niliyemchekesha.

Jumatano, 5 Aprili

Siku nzuri! Niandike na nzuri, nisije nikaonekana mchawi.

Tumekamua. Zabibu zimening'inia darini tangu Septemba, zimekunjamana, zimekuwa tamu hadi meno yanauma. Duccio kazishusha kwa vikapu, mimi nikachambua zilizoota ukungu — vidole bado vinakumbuka, sikuangalia hata mara mbili. Mama kaketi kwenye kiti chake mlangoni mwa chumba cha kukamulia, anatazama vidole vyangu. Akasema: "Angalia mkono wa bibi yake huo." Mbele ya wote! Duccio akasema kweli.

Morena kachambua pia, polepole, anamuuliza Duccio kila punje: hii je? Na hii? Nikamwambia, "Wifi, ukiuliza hivyo tutafika Krismasi." Nilisema kwa utani. Kicheko chake kilikuwa kifupi.

Maji ya zabibu yametulia kwenye dumu la kioo, yana rangi ya kutu. Kesho pipa linafunguliwa, divai inatolewa. Ijumaa Kuu hakuna anayegusa divai. Jumamosi saa sita mchana tunamwaga maji mapya juu ya mashapo, ndivyo alivyofanya bibi, na sisi hatujabadilisha. Mama anasema safari hii atapanda mwenyewe ashuhudie, hata kama ni kwa kubebwa.

Mkono wa bibi! Nimeuangalia mkono huu jioni nzima.

Alhamisi, 6 Aprili — Alhamisi Kuu

Kampa Morena.

Sina hamu ya kuandika lakini nikiacha nitapasuka. Duccio alipanda na nyundo na patasi, akavunja lakiri, akanyonya divai kwa mpira. Akashusha glasi ya kwanza kwa Mama jikoni. Mama kafumba macho, kaonja. Akasema, "Yupo." Baba, alimaanisha. Tukalia wote, hata Morena ambaye hakumjua Baba. Kwa nini alie?

Kisha Mama kaingiza mkono kifuani, kautoa ufunguo na kamba yake. Nilishafuta mikono kwenye sketi, nikasogea hatua moja — hatua hiyo! Laiti ningeimeza! — na Mama akasema: "Morena, njoo mwanangu. Wewe ndiye unayeishi hapa."

Duccio kaangalia sakafu. Morena kaniangalia mimi. Akasema, "Mama, labda wifi..." Mama kamkatiza: "Ombretta ana maisha yake Arezzo. Anakuja akienda. Pipa halimsubiri mtu wa kuja na kwenda."

Maisha yangu Arezzo! Chumba na sebule juu ya duka la matairi! Nani aliniambia nenda ukatafute kazi mjini, mashamba yatamtosha Duccio? Nani?

Nikasema, "Hongera, wifi." Nikasema vizuri. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Halafu nikaenda chooni nikafungua bomba.

Baadaye akanifuata kwenye ngazi, ufunguo umening'inia shingoni. Anazungumza kwa sauti ya chini. Kasafisha darini, kafagia buibui, anataka Mama akipanda Jumamosi akute pamependeza. "Ila lile pipa, wifi! Nimechungulia na tochi. Chini kuna uchafu mzito hivi, unanata. Sijui Duccio kaliachaje vile."

Nikamwambia nina kichwa kinauma.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Basi mimi nitarudi Arezzo mifupa mitupu.

Ijumaa, 7 Aprili — Ijumaa Kuu

Mfungo. Kengele zimefungwa, mji kimya. Maandamano ya msalaba kichochoro kwa kichochoro, upepo unazima mishumaa. Niliomba nisiwe hivi. Kisha nikaona Mama kajifunika shali moja na Morena, vichwa vimegusana, nikaacha kuomba.

Jumamosi, 8 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio, bila kujipaka mafuta.

Asubuhi. Duccio kashuka bondeni kuchukua mwanakondoo. Mama amelala bado. Niko jikoni na kahawa. Morena kaingia, mikono ya blauzi imekunjwa hadi viwikoni, kitambaa kichwani. Kalelewa hotelini yule, kwao kitu kikiwa na doa kinasuguliwa mpaka kiombe msamaha. Furaha imemjaa.

"Wifi, nataka kumshangaza Mama. Nimelishusha pipa hadi roshani ya nyuma. Hebu niambie, nyinyi huwa mnaosha kwa maji ya moto au ya baridi?"

Kaniuliza. Niandike tena: kaniuliza. Uso kwa uso, ameshika sufuria, anasubiri nimfundishe.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Hata nusu ya neno ingetosha. Ningesema "Usi—" angesimama.

Nikasema: "Mwenye ufunguo ndiye mwenye kujua, wifi."

Kacheka! Alidhani ni utani wetu sisi mawifi. "Basi moto, na magadi kidogo," akasema, akawasha jiko.

Nikajimiminia kahawa ya pili. Nilisikia sufuria ikichemka. Nilisikia akipita nayo. Nilisikia maji yakiingia pipani, na pipa likitikiswa huku na huku, na yeye anaimba. Kila hatua nilijiambia sasa nitainuka. Kiti kilikuwa kiti tu, hakuna aliyenifunga.

Nikaenda dirishani. Maji yalikuwa yanateremka kwenye mfereji wa kichochoro, ya kahawia, mazito, yanakwenda polepole kwenye mawe. Na harufu ikapanda. Karanga, asali, moshi, koti la Baba. Kichochoro kizima! Bi Iolanda kafungua dirisha lake mkabala na langu, pua juu.

"Ombretta! Nani kamwaga vinsanto? Mbona inanukia hadi kwangu?"

Nikamwambia, "Ni sikukuu, Bi Iolanda." Nikafunga dirisha.

Saa sita. Duccio na jirani mmoja wamembeba Mama kwa kiti hadi darini, anacheka kama msichana, "Msiniangushe, wahuni nyie!" Juu kumefagiwa, kuna maua kwenye jagi, kiti kina mto. Pipa limerudishwa katikati, mbao zinang'aa, mikanda ya chuma imesuguliwa. Mama kwanza kasifu. Kisha kanyoosha mkono: nisogezeeni. Kashusha pua kwenye tundu la kizibo.

Kakaa vile. Kainua kichwa. Kashusha tena.

"Duccio," akasema, "hili ni pipa gani?"

Duccio kachukua tochi akachungulia ndani, na rangi ikamtoka usoni. Morena bado anatabasamu, anatuangalia mmoja mmoja, na tabasamu linaanza kutafuta pa kwenda. "Nimeliosha vizuri, Mama. Lilikuwa na uchafu chini..."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema tu, taratibu: "Mama yangu alilala mtoni siku nane kaukumbatia uchafu huo tumboni." Kisha: "Mwanangu, hukumuuliza mtu?"

Morena kaniangalia.

Mimi nikaangalia maboriti, kule kwenye kulabu za zabibu.

Nilisubiri. Nilijua linalokuja na nilijua ni haki yangu. Na yule mwanamke akasema: "Hapana, Mama. Sikumuuliza mtu."

Kwa nini? Kwa nini kasema hivyo? Nani kamwomba?

Mama kamwambia Duccio amvue ufunguo. Duccio kaushika ufunguo, kamba ikanasa kwenye nywele za mkewe, akaivuta. Mama kanipa mimi. "Shika. Kosa ni langu. Ningempa wa kuzaliwa hapa."

Maneno yale yale! Neno kwa neno, niliyoyataka tangu nimefika, pengine tangu nilipoondoka. Nikaupokea. Nikasema, "Asante, Mama." Nilisema asante.

Maji ya zabibu yamebaki dumuni. Mama kasema yasimwagwe mahali popote. Kasema ashushwe.

Jumapili, 9 Aprili — Pasaka

Kengele zimepigwa hadi masikio yanauma. Mayai ya baraka, mwanakondoo, vyote mezani. Mama kanikalisha mkono wake wa kulia. "Mwanangu, chukua paja." "Mwanangu, mvinyo." Na mimi nakula, sisikii ladha. Morena kapika vyote hivyo, macho yamevimba, kisha kaketi pembeni karibu na mlango, mahali nilipoketi mimi wiki nzima. Duccio hajamsemesha tangu jana. Hata chumvi anamwomba Mama ampitishie.

Mdogo wangu huyu na mimi tuna damu moja, tunafanana kwa kununa.

Baada ya chakula akaja Bi Iolanda kutupa heri ya Pasaka, na habari ameshazisikia, mji mzima umesikia. Kaketi, kashusha pumzi, kamshika Mama mkono. "Pole, Zelinda. Pole sana. Na mimi ile harufu niliisikia! Hata nikamuuliza Ombretta pale diri—"

"Bi Iolanda!" Morena kasimama na sinia. "Onja keki hii kwanza, niambie kama chungwa limezidi." Kamtia kipande mkononi, kampa uma, kamimina divai, kamuuliza habari za mjukuu. Bi Iolanda ukimgusia mjukuu hana habari na mtu. Alipoondoka alikuwa bado kwenye meno ya mtoto.

Mara ya pili! Kaniokoa mara ya pili, na mara zote mbili bila kuniangalia baadaye, bila kutaka hata kope ya shukrani. Mama mwenyewe hajui alivyo na bahati ya mkwe. Mimi ndiye ninayejua, peke yangu, nyumba nzima.

Nikamfuata Duccio uani. Nikamwambia usimnunie mkeo, hakujua. Akaniambia: "Dada, jana asubuhi ulikuwa jikoni. Hukusikia maji?"

Nikamwambia nilikuwa na redio.

Hakuna redio jikoni. Iliharibika wakati wa Baba. Duccio kaniangalia kidogo, kisha akasema Morena anakwenda kwa mama yake Rimini. Kwa muda gani, nikauliza. Akasema hajui, yeye ndiye aliyemwambia aende. Kwamba kila akimwangalia anaiona ile roshani.

Sasa niko chumba cha cherehani, naandika juu ya goti. Dirishani naliona gari, buti liko wazi, sanduku moja limeshaingia. Sanduku lake si kubwa. Mama analala mchana, au anajifanya.

Nikishuka sasa nikasema, nitakuwa nani humu ndani? Mama ana mtoto mmoja wa kike. Jana alijua hivyo, leo pia anajua hivyo. Nikisema, atakuwa na mmoja bado, lakini si mimi.

Hatua kwenye ngazi. Si za Duccio.

"Wifi? Umelala?"

Sijajibu.

"Wifi, nimekuja kukuaga. Nimekuachia keki jikoni, ya njiani. Na kile chumba chako, wale Wadenmaki wameondoka, nimekutandikia. Usilale tena kwenye hicho cha kukunja, kitakuumiza mgongo."

Nenda basi! Nenda, dada, gari linakusubiri! Niitie Mama, niite jina baya, piga teke mlango!

Anagonga tena. Polepole, kwa kidole kimoja, asije akanishtua kama nimelala.

Hata kugonga, anagonga vizuri.